Mtoto Aliyeamkiwa Shikamoo

Wadogo zangu wa wodini, siku mliponiaga mlinipa kitenge na seti ya sufuria, halafu mkaniuliza swali huku mkijua nina pilau mdomoni: katika miaka yote ya kuuguza wagonjwa wa akili, ni mgonjwa gani alinifundisha zaidi? Nikasema nitaandika. Mkacheka. Mhaya akisema ataandika, ataandika, hata mkimficha kalamu. Ila nawaonya mapema, anayesubiri hekima hapa ataondoka na njaa. Mgonjwa aliyenifundisha zaidi ni yule ambaye sikumwelewa, na nimestaafu bado sijamwelewa.

Nilifika Mwanza kwa meli kutoka Bukoba mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na cheti kipya, sanduku la bati na ndizi ambazo mama alikataa niziache. Nilidhani nitapangiwa wodi ya wazazi. Nikapelekwa kwa wagonjwa wa akili. Nililia kidogo, nikanawa uso, nikaenda kuripoti kwa Bwana Shija, muuguzi kiongozi wa wodi, Msukuma wa Misungwi. Alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwa wauguzi. Alinikabidhi kitita cha funguo akaniambia, "Hizi ni za wagonjwa, wewe unawashikia tu." Nilizishika miaka mingi na sikumwona mgonjwa hata mmoja aliyepewa funguo zake. Mpaka leo sijui alimaanisha nini, na sikumuuliza kwa sababu nilikuwa najifanya nimeelewa.

Fundisho lake ambalo nililielewa ni hili. Mgonjwa akiletwa amefungwa kamba, anatukana, ndugu wote wanapiga kelele apewe sindano alale, wewe tulia. Pima homa. Angalia kama shingo imekaza. Uliza amelala lini mara ya mwisho, amekula nini, amekunywa nini, ameumia kichwa au la. Kama ni mwanamke, uliza amejifungua lini. "Malaria ikipanda kichwani humtukana hata askofu," alikuwa anasema. "Ukiikimbilia sindano utamtuliza mtu anayekufa." Nimewaona wakifa wakiwa wametulizwa, katika vituo nisivyotaka kuvitaja. Kwa hiyo kipimajoto kwanza, jamani. Kamba zinaweza kusubiri.

Miaka hiyo mji ulikuwa unageuzwa kama chapati. Viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa vinafungwa au kuuzwa, mtu aliyekuwa fundi mitambo wa umma asubuhi anaonekana Buzuruga ametandika mitumba. Maduka ya dawa ya watu binafsi yaliota kila kona, wakati kabati letu la dawa lilikuwa na mende tu. Ndugu wa mgonjwa walianza kuambiwa walete glovu na pamba wenyewe. Wageni wa semina walituambia mabadiliko hayo ndiyo yanayowachanganya watu akili. Labda. Lakini mimi nilikuwa na jirani aliyeachishwa kazi akanenepa, akaanza kuimba kwaya. Sijui hesabu hiyo inaingia wapi.

Basi katika miaka hiyo akaletwa Minza. Aliletwa na mumewe, Makoye, kijana aliyekuwa kiwandani na sasa anauza mitumba, wakiishi chumba cha kupanga Mabatini. Minza alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, wa kiume, bado hajamaliza arobaini. Alikuwa hajalala kwa siku nyingi, midomo imekauka, macho yanazunguka, anaongea na mtu aliyesimama nyuma yangu. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nilijua hapakuwa na mtu, na bado niligeuka. Mtageuka na nyinyi, msione aibu.

Makoye alieleza kwamba mkewe alianza kwa kukosa usingizi, kisha akawa anafagia chumba saa zote, kisha akaacha kumnyonyesha mtoto. Mtoto akilia, yeye anajifunika khanga mpaka shingoni na kukimbilia ukutani. Siku moja wakamkuta amemlaza mtoto kwenye kiti cha wageni, kile kizuri chenye kitambaa cha kufumwa, yeye amepiga magoti mbali, karibu na mlango. Mtoto alikuwa karibu kuanguka. Hapo mama yake Makoye, mjane anayekaa Usagara, akaja, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka naye. Akaacha neno moja tu, kwamba mtoto hatarudi kwa mwanamke huyo. Mkitaka kujua jambo lililobeba habari hii yote, ni hilo. Yaliyobaki ni sisi kuzungukazunguka.

Tulipima. Homa hakuna, malaria hakuna, shingo laini, kizazi hakina uchafu. Daktari wetu, kijana aliyekuwa ametoka masomoni na bado anapiga pasi koti lake, alisema ni ugonjwa mkubwa wa akili na mama huyu atatumia dawa maisha yake yote. Bwana Shija akamwomba, kwa heshima kabisa, asimpe jina la maisha mtu aliyeugua tangu juzi. Vitabu vyetu vilikuwa vinasema upo wazimu wa muda mfupi: unaanza ghafla, mara nyingi baada ya mshtuko au uzazi, na kabla mwezi haujaisha mtu anarudi mzima kama alivyokuwa. Daktari akauliza, sawa, tutajuaje kama huu ndio huo mfupi? Bwana Shija akamjibu kwamba tutajua ukiisha.

Nilisimama pale na trei yangu nikiwa nimechoka akili. Yaani ugonjwa unapata jina lake ukishaondoka? Ni sawa na kumjua mgeni kwa kumwona mgongo. Ndugu wanakuuliza leo, wewe unawaambia warudi mwezi ujao wakaulize tena. Mtakutana na jambo hili, na mtashawishika kusema jina lolote ili mwonekane wasomi. Msiseme. Semeni mnachokiona: hajalala, anaona yasiyoonekana, tumempima, tunamtibu, tunangoja.

Tulimtibu kwa dawa ya kutuliza, kidogo kidogo, Makoye akiitafuta kwenye maduka ya Mabatini sisi tulipokosa. Usiku tulihakikisha analala, mchana anakula uji. Shingo yake ilianza kuvutwa upande kwa sababu ya dawa, tukapunguza na kumpa ya kulegeza. Maziwa tulimkamua kwenye kikombe asije akavimba, yeye akigeuza uso pembeni kwa haya. Na hakuachwa peke yake, hata chooni. Siku ya pili hivi mama mkwe alishawishiwa amlete mtoto aonane na mama yake, sisi wote tumesimama pale. Minza alipomwona tu, akajifunika, akarudi nyuma mpaka kitanda kikamzuia. Mama mkwe akamfunga mtoto tena, akaenda zake. Wodi nzima ikakubaliana kwamba Minza anamchukia mtoto wake. Mpishi alikubaliana. Hata mgonjwa mmoja aliyekuwa anajiita waziri wa mifugo, naye alikubaliana.

Bwana Shija ndiye aliyeketi chini, sakafuni, mbali kidogo, akamsalimia Minza kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Kisha akamuuliza kwa nini hamnyonyeshi mtoto. Nilitegemea kelele. Minza alimtazama kama mtu anayeulizwa na mjinga, akanigeukia mimi.

"Sista, wewe unaweza kumvulia nguo baba mkwe wako?"

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikamwambia siwezi, Mungu apishe mbali.

"Basi," akasema.

Jamani. Ilibidi Makoye aitwe atueleze. Marehemu baba yake aliitwa Masunga, na mtoto alipozaliwa alipewa jina hilo, Masunga. Kwa desturi yao, na hata kwetu Kagera ipo, mtoto akibeba jina la babu, babu amerudi nyumbani. Makoye mwenyewe alikuwa anamwita mwanawe "baba". Majirani wakiingia wanamwamkia kichanga shikamoo, mmoja anaitikia marahaba kwa niaba yake, watu wanacheka. Shangazi akamletea kiti cha wageni, ati mzee asikae chini. Utani mtamu kabisa, nimeufanya na mimi mara nyingi. Na mke wa mwana kwao hamkaribii baba mkwe, hali naye, hamwonyeshi hata bega. Minza aliyatii hayo yote tangu aolewe, akasifiwa kwa adabu yake. Halafu wakamwekea baba mkwe kifuani na kumwambia anyonyeshe.

Hapo ndipo mimi nilipopotea, na nawaomba mpotee kidogo pamoja nami. Nyumba nzima ilisema mtoto ni babu. Minza peke yake ndiye aliyeamini. Sasa mgonjwa ni yupi, na ugonjwa unaanzia wapi? Daktari alisema ni wazi, anaamini jambo lisilo kweli. Bwana Shija akamuuliza kama angethubutu kwenda Usagara kumwambia yule mama mjane kwamba jambo lile si kweli. Daktari akavua miwani, akaifuta. Mimi niliona kwamba mgonjwa alikuwa Minza, hilo halina ubishi, mtu halali, anasikia sauti, mtoto karibu aanguke. Lakini maneno ya ugonjwa wake hakuyatunga. Aliyakuta sebuleni.

Tangu siku hiyo nilibadili namna ya kuuliza. Siwaulizi ndugu tena "Amechanganyikiwa?" maana watasema ndiyo kwa kila kitu, hata kwa kukataa ugali. Nawauliza, katika haya anayosema, lipi ni la kwenu na lipi linawashtua? Makoye alipoulizwa hivyo alifikiri, akasema kumwita mtoto baba ni kwetu, kumwamkia ni kwetu; kumwacha afe njaa kwa heshima, hapana, hilo hata baba yangu mwenyewe angelikataa. Akajifuta macho kwa mkono wa shati. Swali hilo lichukueni, ni zuri, ingawa halijibu lote.

Wakati huohuo familia haikukaa. Mjomba alikwenda kwa mganga, kukachinjwa mbuzi, na ikaletwa dawa ya kuoga tuliyojifanya hatuioni. Wanakwaya wa kanisa lao wakaja kuomba, wakaimba vizuri mpaka waziri wa mifugo akaahidi kuwapa ng'ombe. Wiki zikasogea. Minza akaanza kulala. Kisha akaacha kuongea na mtu wa nyuma yangu. Asubuhi moja aliamka, akakunja shuka lake, akaja mezani kwangu akasema shikamoo, kisha akauliza, "Mwanangu yuko wapi?"

Hakusema mzee. Alisema mwanangu.

Nilimkalisha. Alikuwa anakumbuka baadhi ya mambo kama mtu anayekumbuka safari aliyokuwa na homa njiani, na alikuwa na aibu hata ya kuinua uso. Nilimwambia aibu ni ya nini, ulikuwa unaumwa. Akauliza tena mtoto yuko wapi. Na aliendelea kuuliza kila alipotuona, bila hasira, mpaka wauguzi wengine wakaanza kupita njia ya nyuma.

Nani alimponya? Mganga alisema ni mbuzi. Kwaya ikatoa shukrani madhabahuni. Daktari alisema ni dawa, ila akanong'ona kwamba huenda ugonjwa wenyewe ungeisha hata bila dawa, ila hatungethubutu kungoja. Kila mmoja alikuwa na ushahidi, na wote walikuwa na ushahidi uleule, yaani Minza amesimama pale anakunja shuka. Nimesoma mengi tangu siku hizo. Bado sijui.

Makoye alikwenda kwa mama yake kumwomba mtoto, akarudi mikono mitupu. Mama alikuwa amesema kichaa hakiponi, hupumzika. Mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe, ananenepa, atakua hukohuko. Makoye, mwanamume mzima, alisema hawezi kubishana na mama yake, na mimi nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Minza alisikia yote akiwa mlangoni. Hakulia. Alisema tu kwamba mtoto akimsahau, basi hata yeye kupona hakuna maana, ni bora angebaki vilevile asijue. Maneno hayo yaliniuma na yakaniogopesha. Mtu wa namna hiyo humwachi peke yake. Nikamwambia Bwana Shija kwamba nakwenda Usagara. Akasema nenda, lakini usiende kumfundisha yule mama, nenda kuomba.

Tulifika sisi watatu, mimi, Minza na Makoye, kabla jua halijawa kali. Mama Makoye alikuwa uani anapepeta mtama, mtoto mgongoni. Tukamwamkia. Akaitikia, akanipa kigoda, Minza akakaa chini kwenye mkeka, macho ardhini. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza kwamba akili nayo hupata homa, kwamba homa nyingine ni za kudumu na nyingine hupita. Kwamba Minza amelala vizuri kwa wiki kadhaa, anatumia dawa kidogo na tutaipunguza taratibu. Kwamba kwa mwanzo atakaa na mtu mwingine nyumbani, na kliniki tutamwona. Nilizungumza vizuri sana. Mama Makoye aliendelea kupepeta.

Nilipomaliza akauliza, "Itarudi?"

Wadogo zangu, nilitaka kusema hapana. Minza alikuwa ameinua uso, ananitazama mimi. Nikasema, "Mama, sijui. Huenda isirudi kabisa. Huenda ikarudi akizaa tena. Akianza kukosa usingizi, mleteni siku hiyohiyo, msingoje."

Minza akainamisha kichwa. Nikajiona nimeharibu. Mama Makoye akaweka ungo chini, akamwambia mwanawe aende akaangalie ng'ombe. Makoye akasema ng'ombe wapo tu. Mama yake akamtazama mara moja, naye akaondoka.

Ndipo akatueleza, kwa sauti ya chini, akichagua Kiswahili chake polepole. Kabla ya Makoye alikuwa na binti. Alipomzaa huyo binti, na yeye alipotea. Alitoka nyumbani akakaa porini, akala udongo, walimkamata wakamfunga mguu kwenye gogo. Kisha ikapita, hakujua imepitaje. Aliamka tu siku moja akajikuta ni yeye. Mtoto alikuwa ameshapewa mke mwenzake. Akaambiwa kichaa hakiponi, hupumzika. Akaambiwa hivyo mwaka hadi mwaka. Binti alikulia ua huohuo akimwita mke mwenza mama, na yeye aliyemzaa akimwita kwa jina tu, hivyo hivyo mpaka alipoolewa Geita.

"Nilimchukua huyu kwa sababu najua mtu akiwa kule anaweza kufanya nini," akasema. "Usifikiri nilimchukia mkwe wangu."

Nikamuuliza, sasa mama, kama unajua kwamba hupita, mbona ulimkatalia Makoye? Niliuliza kwa kuchanganyikiwa kabisa, sikuwa namsuta.

"Nilikuwa nangoja," akasema. "Mimi hakuna mtu aliyekuja kuniombea nirudishiwe mtoto. Mume wangu hakuniombea, mama yangu hakuja. Makoye alijiombea mtoto wake, mkewe hakumtaja. Nilitaka nione kama huyu naye atakuja kuombewa na mtu."

Nimejiuliza tangu siku hiyo kama lile lilikuwa jambo la haki au la ukatili, kumpima mtu mwingine kwa kidonda chako, na siku nyingine naona hili, siku nyingine naona lile. Na je, nisingekwenda? Wapo wagonjwa wangapi ambao sikuwafuata nyumbani kwa sababu gari la hospitali halikuwa na mafuta?

Akafungua mbeleko, akamshusha mtoto, akamweka mikononi mwa Minza. Mtoto alimtazama mama yake, hakumjua, akaanza kulia kwa nguvu zote, mikono akiinyoosha kwa bibi. Minza akaniangalia, kisha akamwangalia mkwe wake, akaanza kumrudisha. Nafikiri aliona kwamba ameshachelewa. Mama Makoye alirudi nyuma hatua moja, mikono ameificha nyuma ya mgongo.

"Mwache alie," akamwambia. "Atakuzoea. Wangu hakupewa hata nafasi ya kulia mikononi mwangu."